Ramani ya Nyumba ya Kontena: Anza na Stoo, Sebule Baadaye

Leo naomba tuweke pembeni viwavijeshi na bei ya mbolea, tuongelee nyumba. Najua wapo watakaosema bwana shamba naye ameanza ufundi ujenzi. Subirini kidogo, mtaona kwa nini linanihusu.

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja, mkulima wa vitunguu wa huku kwetu upande wa Magole, alinitumia picha kwa WhatsApp. Msimu umemwendea vizuri, hela ameshika. Picha yenyewe ilikuwa ramani ya nyumba ya kontena la futi 40, ameitoa mtandaoni, imechorwa kwa futi na inchi za Marekani. Upande mmoja chumba cha baba na mama, katikati sebule iliyoungana na jiko, halafu choo na bafu, halafu chumba cha watoto. Mwisho kabisa kuna kachumba kadogo ambako yeye mwenyewe alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: STOO YA MAHINDI NA DAWA. Chini yake: "Kaka shikamoo, naomba ushauri, Jumatatu nataka kulipia advansi."

Nilimpigia hapohapo. Nikamwambia, mdogo wangu, hiyo Jumatatu isogeze mbele.

Kabla sijaendelea niseme wazi kwamba sipingi nyumba ya kontena. Shamba analolima huyu kijana ni la kukodi, na kiwanja alichonacho karatasi zake hazijakaa sawa. Sisi watu wa Kilosa migogoro ya ardhi hatuhadithiwi. Mtu anayeogopa kumwaga zege la milioni kadhaa kwenye ardhi ambayo kesho anaweza kuambiwa siyo yake, namwelewa kabisa. Kontena unaita kreni, unapandisha kwenye lori, unahama nalo. Lakini kama ardhi yako ni ya uhakika na tofali za kuchoma zinapatikana jirani, mimi ningejenga za tofali na hapo sina mjadala mrefu. Zina ubaridi na fundi wake yupo kila kijiji.

Sasa turudi kwenye kile kichumba cha kalamu nyekundu, maana ndicho kilichonipandisha presha.

Ukuta kati ya stoo na chumba cha watoto kwenye ile ramani ni plaiwudi. Wote tunajua mahindi ya huku kwetu yanavyotunzwa. Dumuzi akishaingia, mtu anakimbilia duka la pembejeo, ananunua vile vidonge vya kufukiza, anavitupia kwenye magunia. Vidonge vile vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa gesi ya fosfini. Gesi ile haichagui kati ya dumuzi na mtoto. Inapita kwenye upenyo wa plaiwudi, inapita kwenye tundu la waya wa umeme, na aliyeivuta hospitali haina dawa maalumu ya kuipinga, wanahangaika tu kumsaidia mwili wake ushinde. Sasa weka hiyo ndani ya sanduku la chuma lenye mpira mlangoni, lililotengenezwa makusudi lisipitishe hewa wala maji, watoto wamelala upande wa pili, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mbu. Hapana jamani. Hata kama ungenilipa, hiyo ramani nisingeipitisha.

Alinijibu kwamba atatumia mifuko ya kuzuia hewa, ile ya PICS, hataweka vidonge. Vizuri, hiyo mifuko naihubiri kila siku. Ila nikamuuliza, na dawa za vitunguu je? Bomba la kupulizia lenye mabaki? Yule mama mkwe akija akaleta gunia lake la mahindi ambalo tayari limewekwa vidonge, utamwambia nini? Akanyamaza.

Halafu kuna jambo ambalo nimekuwa nikilikwepa kuliandika hapa, leo nalisema. Misimu michache iliyopita kikundi kimoja cha wakulima ninaowahudumia kilinunua kontena la futi 20 lililotumika, ili wahifadhie mahindi wasubiri bei. Aliyewashauri ni mimi. Nilisimama mbele yao nikasema kontena panya hapenyi, mvua haipenyi, mwizi hapenyi. Yote kweli. Nilichosahau ni maji yanayotoka ndani.

Mahindi yalikuwa yamepimwa kwa meno. Mtu anang'ata punje, ikilia kaa! anasema imekauka. Tukajaza kontena, tukafunga kufuli. Mchana jua la Dumila likichoma bati lile, joto linatoa unyevu kwenye punje. Usiku chuma kinapoa haraka, ule unyevu unaganda kwenye dari kama jasho la chupa ya soda baridi, kisha unadondoka. Kila usiku mvua ndogo ndani ya kontena. Tulipofungua baada ya wiki kadhaa, magunia ya safu ya juu yalikuwa na ukungu wa kijani.

Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima pale, magunia yake sita yote yalikuwa juu. Wengine walikuwa wanapigana kelele, huyu wauze kwa wapika pombe, yule wapewe kuku. Mimi nikasema hapana, yachomwe, maana ukungu ule unaweza kuwa na sumukuvu, na mwaka 2016 wenzetu wa Dodoma na Manyara walizika watu kwa sababu ya mahindi ya namna hiyo. Kuku nao sumu inawapata. Yule mama akaniangalia akasema, "Mwanangu, wewe si ndiye uliyetuambia humu hamnyeshi?" Sikuwa na jibu na mpaka leo sina.

Tangu siku hiyo napima kwa chumvi na chupa, na nawe fanya hivyo. Chupa kavu ya kioo, chumvi kavu kidogo, punje za mahindi, tikisa, acha zitulie kama dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Isiponata, bado mpe jua la siku moja mbili ufike kwenye asilimia 13.

Nimesimulia hayo kwa sababu wewe na watoto wako nanyi mnatoa maji. Watu wanne wakilala ndani ya sanduku la chuma, pumzi zao usiku kucha zinakwenda kwenye dari ile ile iliyodondoshea magunia. Ndiyo maana kontena la kuishi lazima liwekewe kizuizi cha joto kati ya chuma na mbao za ndani, na lazima liwe na madirisha pande zote mbili ndefu ili hewa ipite moja kwa moja. Dirisha la upande mmoja halisaidii kitu.

Hapo ndipo hesabu ya ramani inapoanza, na hesabu haina huruma.

Kontena kwa nje lina upana wa futi 8, yaani mita 2.44. Upana huo uliamuliwa na malori. Mmarekani Malcolm McLean alipopakia makasha 58 kwenye meli ya Ideal X mwaka 1956, aliyataka yatoshe kwenye lori na barabara za kwao. Hakuna aliyefikiria kitanda. Kwa ndani unapata mita 2.35. Ukipiga mbao, sponji na jipsamu pande zote unabaki na mita 2.2 hivi. Sasa ile ramani ya kijana wangu ilikuwa na korido ya kupita kutoka chumba hadi chumba. Korido ya sentimita 80 ukiitoa pamoja na ukuta wake, chumba kinabaki na upana wa mita 1.3. Kitanda cha futi 5 ni mita 1.5. Hakiingii! Kwenye picha kilikuwa kimechorwa kidogo ili kiingie.

Na urefu kwenda juu nao uangalie. Kontena la kawaida ndani ni mita 2.39, ukiweka dari unapungua zaidi. Feni ya dari hapo ni panga la kukata vichwa. Yapo yale marefu zaidi, wauzaji wanayaita haikyubu, yanakupa karibu mita 2.7 kwa ndani. Ukiyapata chukua hayo, ila mengi ni ya futi 40.

Kwa hiyo ramani yoyote yenye korido ndani ya kontena moja, itupe. Ramani yoyote inayokata ukuta mrefu wote ili kuunganisha makontena mawili yawe sebule kubwa, itupe pia, labda uwe na mhandisi na hela ya mabomba ya chuma. Ile mikunjo ya ukuta siyo urembo, ndiyo inayoshika paa na sakafu visibonyee. Mlango na dirisha unaweza kukata, mradi fundi wa kuchomelea aweke fremu ya bomba la chuma kuzunguka tundu.

Basi nikamchorea hivi, na ndiyo ramani ninayoitetea.

Makontena mawili ya futi 20, badala ya moja la futi 40. Kwa eneo la ndani ni karibu sawasawa, mita za mraba 28. Yalaze sambamba, yakiachana mita 4. Urefu wake uelekee mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni likute ule upande mfupi tu. Halafu paa moja la bati, mgongo wa kawaida wa mbao, lifunike yote mawili pamoja na uwazi wa katikati, na lipandishwe angalau futi moja na nusu juu ya kontena ili upepo upite kati ya bati na chuma. Hilo paa ndilo litakaloamua kama nyumba inalalika mwezi wa kumi na moja. Kontena lisilo na kivuli Dumila ni oveni, uliza wanaouza vocha kwenye yale makontena ya barabarani saa nane mchana wanakaa wapi. Wanakaa nje, chini ya mwavuli.

Ule uwazi wa katikati unakupa mita za mraba 24 za kivuli bila kununua kontena la tatu. Hiyo ndiyo sebule. Hapo mnakula, mnachambua vitunguu, watoto wanafanya kazi za shule, mgeni anakaribishwa. Kila chumba kinafungua mlango wake kwenye kivuli hicho, kwa hiyo korido haihitajiki tena. Kila kontena unaligawa kwa ukuta mmoja tu, vyumba viwili. Vyumba vya ndani ni vya kulala na kufungia vitu vya thamani. Kwani sisi tangu lini tunashinda ndani? Bibi zetu walikuwa na uwanja na kivuli cha mwembe, nyumba ilikuwa ya usiku na ya mvua.

Jiko liwe nje kabisa ya makontena. Mkaa ukiwashwa kwenye sanduku lililofungwa unatoa hewa isiyoonekana wala kunusika, na watu wanalala wasiamke. Choo na bafu vijengwe kando kwa tofali, ndiyo sehemu pekee ambayo ukihama utaiacha.

Na stoo? Stoo ikae mbali, hatua ishirini au zaidi, upande ambao upepo hautoki kuja nyumbani. Hata banda la tofali lenye bati linatosha kama mahindi ni makavu na yako kwenye mifuko ya kuzuia hewa, juu ya chaga, mbali na ukuta. Vitunguu ndiyo kabisa visiingie kwenye kontena, vinataka banda la mabanzi lililoinuliwa, upepo upite juu na chini, la sivyo vitaoza vyote. Dawa za shamba ziwe na kabati lake la kufuli, nje ya nyumba na nje ya stoo ya chakula. Najua ni gharama, lakini ukiniambia hela haitoshi nyumba na stoo, nitakwambia jenga stoo kwanza ulale kwenye kontena moja.

Kuna faida nyingine ya futi 20 ambayo watu wa mjini hawaijui. Kontena la futi 40 linakuja na semi trela, na semi trela inatoka Dar es Salaam mpaka Dumila bila shida, ni lami. Shida inaanza ukiacha lami. Njia zetu za mashambani kona zake ni za pikipiki, na ule udongo mweusi wa mbuga ukinywa maji hata trekta linaimba. La futi 20 tupu ni tani mbili na ushee, lori la kawaida linalibeba na kreni ndogo inalishusha. Hata hivyo lilete kiangazi.

Ukienda kununua, fungua milango, ingia, mwenzio akufungie uangalie juu. Ukiona mwanga, pana tundu. Nusa. Kama linanuka kemikali, liache hata kama bei ni ya kutupa. Sakafu yake ni plaiwudi nene, na mara nyingi imetibiwa kwa dawa ya kuua wadudu. Pale mlangoni kuna kibao cha chuma, na huwa kinaandikwa mbao zilitibiwa kwa nini na mwaka gani. Kama ni dawa, ifunike sakafu hiyo vizuri kabla mtoto hajatambaa juu yake, au ing'oe uweke nyingine. Na umeme usiingizwe kabla ya kuweka ethi, kwani nyumba nzima ni chuma. Kibali nacho kipitie ofisi ya kijiji na halmashauri kama nyumba nyingine yoyote, usidanganywe kwamba kontena halihitaji.

La mwisho ni maji, na hapa nazungumza na watu wa Dumila na Magole hasa. Januari 2014 Mto Mkundi ulipofurika, wote tuliona maji yalivyoingia kwenye makazi na barabara ya Morogoro kwenda Dodoma ikakatika pale darajani. Kijana aliniambia kontena ni chuma, maji hayalifanyi kitu. Nikamuuliza, meli ni ya nini? Chini ya kontena la futi 20 kuna eneo la karibu mita za mraba 15. Likiwa tupu, maji ya sentimita 15 tu kuanzia chini ya sakafu yanatosha kulielea. Weka vitanda, makabati na familia lifike tani nne, sentimita 27 zinatosha, hata goti halifiki. Kwa hiyo liinue juu ya nguzo fupi za zege kwenye kona zote nne, na kila kona ichomelewe kwenye bamba la chuma lililozikwa ndani ya zege na nondo. Siku ya kuhama utakata kwa grinda. Kimo cha nguzo usinunue kwa fundi, kaulize wazee na majirani waliokuwepo 2014 maji yalifika wapi, kisha ongeza.

Jumamosi iliyopita kijana alikuja ofisini na mkewe. Shemeji alikuwa na daftari la mtoto, karatasi ya katikati, na ramani aliyoichora mwenyewe kwa penseli. Makontena mawili, kivuli katikati, jiko chini ya mkwaju uliopo pale kiwanjani, stoo ya vitunguu ng'ambo ya njia. Vyumba vya watoto alikuwa amevipeleka mbali na stoo kuliko hata nilivyoshauri. Kijana alikuwa bado anaililia sebule ya kwenye picha, ile yenye kochi jeupe. Shemeji akamwambia, "Baba fulani, hilo kochi jeupe na vumbi la hapa nani atafua?"

Kitu kimoja tu nimewaomba wasubiri, kimo cha nguzo. Jirani yao mzee anasema kwenye nyumba yake ya zamani alama ya maji ya 2014 bado ipo ukutani. Alhamisi nikitoka Rudewa nitapitia pale na futi kamba, tupime wote, ndipo walipie hiyo advansi.